Uso wa Mzee Edson

Kwenye picha ya harusi ya Mzee Edson Nzunda kulikuwa na watu wawili, lakini ukiitazama harakaharaka ulihesabu mmoja na nusu. Bibi harusi alionekana mzima: shela, glavu, maua ya plastiki na macho yaliyomtoka kwa kuogopa kamera. Pembeni yake ilisimama suti. Juu ya kola ya suti palikuwa na giza, na katikati ya giza hilo, meno.

"Mwaka themanini na nne hiyo," alisema Bi Ferista, mkewe, akiigonga picha kwa ncha ya kidole. "Mpigapicha alitufuata kijijini kwetu Hasamba kwa baiskeli. Akatupiga moja tu, filamu ikaisha. Watoto wangu wote wamekua wakiniuliza, mama, ulifunga ndoa na koti?"

Naila aliuma midomo asicheke. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia mapajani, anatazama malori barabarani kama mtu aliyesindikiza mgonjwa na anasubiri kuambiwa waondoke.

Studio ya Naila Bashiri ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri, mjini Tunduma, kwenye barabara inayokwenda mpaka wa Zambia. Malori yalipita mchana kutwa na vioo vya madirisha vilitetemeka, kiasi kwamba Naila alishajifunza kubonyeza kamera katikati ya lori moja na jingine. Wateja wake walikuwa vijana wa bodaboda, maharusi, na wasichana waliovuka kutoka Nakonde kuja kupiga picha za bethidei. Tangu mwaka jana wote walitaka kitu kimoja: taa za rangi. Zilikuwa taa zilezile za kawaida, ila zimefunikwa karatasi laini za plastiki za rangi mbalimbali. Wenye fani wana jina lao la kitaalamu, lakini Naila aliziita nailoni, na wateja nao wakaziita hivyohivyo. Weka nailoni ya zambarau kushoto na ya waridi kulia, mtu aliyeshinda akipakua saruji anatoka pale kama msanii.

Wazee hawa wawili walikuwa wametumwa na binti yao, Grace, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya kutolea mizigo pale forodhani. Jumapili iliyofuata kanisa lao kule Hasamba lingewafanyia ibada ya shukrani kwa miaka arobaini ya ndoa, na Grace alitaka picha kubwa ya kuwekwa mbele, penye maua. Alishamaliza kila kitu kwa simu. Kilichobaki ni wahusika kupigwa.

"Basi tuanze," Naila akasema. "Mama, simama hapa kwenye alama. Mzee, karibu."

"Mpige yeye," mzee akajibu bila kugeuka. "Mimi nimemsindikiza tu."

"Baba Grace!"

"Nimesema nini kibaya? Apigwe yeye, anapendeza."

Bi Ferista akamgeukia Naila. "Huyu hapigwi picha, mwanangu. Sendofu ya Grace, yeye ndiye aliyewashikia watu mwavuli. Wajukuu wakibatizwa, yeye kaenda kuangalia gari. Ukifungua albamu yetu nyumbani utadhani mimi mjane."

Mzee akacheka hadi mabega yakatikisika. "Filamu ni ghali. Kwa nini niwaharibie?"

"Siku hizi hakuna filamu, mzee," Naila akamwambia.

"Basi umeme."

Hata hivyo aliinuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, mweusi haswa, weusi ule wa kung'aa wa kahawa iliyokaangwa ikaiva. Bi Ferista alikuwa maji ya kunde, na gauni alilovaa lilikuwa jeupe pe, la kitambaa kinachometameta. Naila alipowaona wamesimama bega kwa bega alielewa taabu ya yule mpigapicha wa baiskeli.

Mlango ukafunguka, akaingia Mwanakombo, jirani mwenye saluni, ambaye ndiye aliyewapamba wateja wa Naila. Aliwaamkia wazee shikamoo, akamkagua mzee kwa macho ya kazi, akafungua mkebe wake. "Huyu tunamng'arisha kidogo tu. Nina poda ya rangi ya asali. Dakika mbili ataonekana kama taa."

Alipomsogelea na brashi, mzee alirudi nyuma hatua nzima, mgongo ukagota ukutani.

"Walishawahi," Bi Ferista akanong'ona. "Harusi ya mdogo wangu. Wakampaka, akatoka kama ameanguka kwenye pipa la unga. Watoto ukumbini walicheka mpaka wakatolewa nje."

"Hata mimi nilicheka," mzee akasema. Lakini alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili.

"Acha, Mwanakombo," Naila akasema. "Mzee atapigwa na uso wake aliokuja nao."

Mwanakombo akafunga mkebe, akaketi kwenye benchi kuona itakuwaje.

Naila akawasha taa zake kama kawaida, nyeupe, moja huku na moja huku. Akapiga. Kwenye kioo cha kamera akatokea Bi Ferista, mzuri, na pembeni yake suti. Akaongeza mwanga. Mzee akaanza kuonekana kwa mbali, lakini sasa Bi Ferista alikuwa amefifia kama kitenge kilicholowekwa kwenye jiki. Akapunguza, mzee akazama tena. Alihangaika hivyo mara sita au saba, na kila mara alipookolewa mmoja, mwingine alipotea.

Mzee akaja kuchungulia. "Nilisema," akasema, akacheka tena.

Naila alikuwa mtu wa kutazama nyuso tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo kazi iliyompa kula. Aliona kwamba kicheko kile kiliishia mdomoni, hakikufika kwenye macho. Akajisikia vibaya, kisha akajisikia hasira kidogo, hasira ya fundi aliyeshindwa na kitasa.

"Tatizo si wewe, mzee," akasema. "Tatizo ni taa."

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Unasemaje?"

"Kamera ni kama mtu mvivu aliyetumwa kutafuta kitu. Ikishaona gauni jeupe inaridhika, inasema nimeona, imetosha. Wewe haikukutafuta. Na yule wa baiskeli naye hakukutafuta. Uso wako unataka mwanga wake peke yake, na wa mama unataka wake. Subiri."

Mzee alirudi kwenye alama mwenyewe, bila kuitwa.

Naila akavuta boksi la nailoni kutoka chini ya meza. Akajaribu kwanza nyekundu. Chumba chote kikawaka, na Bi Ferista alipoonyeshwa matokeo alipiga ukelele.

"Umetutia motoni! Huyu ni mzee wa kanisa, mwanangu! Jumapili nipeleke picha tunaungua?"

"Angalau tumeungua pamoja," mzee akasema, na safari hii Mwanakombo akaangua kicheko.

Kijani nayo ikawafanya kama watu waliofufuliwa siku ya tatu. Zambarau, mzee akauliza kama hizo ndizo taa za baa, na Bi Ferista akamuuliza yeye za baa amezijulia wapi, na hilo likachukua dakika tano. Mzee sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha studio, amekunja nne, anatoa maoni kila rangi ilipobadilishwa. Akasema njano iliyokuwa kwenye boksi, iliyojaa matundu na isiyofaa tena, ni ya mahindi yaliyoshambuliwa na wadudu. Akasema waridi wampe mchungaji.

Halafu Naila akaweka bluu. Hakuiweka mbele. Aliizungusha taa nyuma ya mzee, chini kidogo, ikamwangaza kwenye ukingo wa kichwa, sikio, shingo na bega. Akapiga ya kujaribu. Ule weusi uliokuwa umeyeyukia kwenye pazia la nyuma ukajitenga. Kichwa kikawa kichwa, kina umbo, kina nywele za mvi zilizosimama moja moja.

"Hapo," akajisemea. "Hapo sasa."

Kilichobaki ni kuumulika uso wenyewe kutoka pembeni, kwa rangi ya moto. Alikuwa na nailoni moja ya rangi ya chungwa, nzuri, aliyoagiza Lusaka. Kwa tamaa ya kupata mwanga mwingi akaifunga kwenye taa yake ya zamani, ile ya balbu kubwa inayochemka. Akawasogeza wazee, akamwambia mama arudi nusu hatua, akamwambia mzee ageuze shavu. Akainamia kamera.

"Kuna kitu kinaungua," Mwanakombo akasema.

Nailoni ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa. Ikatoboka katikati, ikaanza kudondoka matone sakafuni, na moshi wake ukawatoa wote machozi. Naila akachomoa waya, akafungua madirisha, akakanyaga vile vipande kwa kandambili. Aliposimama hakuwa na nailoni ya chungwa. Mzigo kutoka Lusaka ulikuwa unakuja Alhamisi, ukiwahi. Kuwapandisha wazee Tunduma mara ya pili wiki hiyohiyo lilikuwa jambo gumu. Na bado angetakiwa kusafisha picha na kuweka fremu.

Mzee Edson akainuka, akavaa kofia, akatoka nje. Walimsikia akishuka ngazi.

"Kaenda," Bi Ferista akasema. Alikuwa hacheki tena. "Namjua. Atakuwa stendi sasa hivi, anatafuta gari la Vwawa la kurudi nyumbani. Wala usijilaumu, mwanangu. Nipige mimi peke yangu, tutamweleza Grace."

"Tumsubiri kidogo, mama."

"Unamsubiri mtu aliyekimbia picha miaka arobaini?"

Walisubiri. Mwanakombo akaleta chai ya maziwa na maandazi. Bi Ferista akanywa polepole, na katikati ya chai akaanza kueleza mambo ambayo hakuulizwa: kwamba yule mzee ndiye aliyempelekea barua ya posa yeye mwenyewe, bila mshenga, akaipitisha dirishani, kwamba hajawahi kumuona akimpiga mtoto, kwamba kwenye mazishi ya mama yake yeye Bi Ferista alitafuta picha ya familia wakiwa pamoja, akakosa hata moja ambayo mumewe yumo. "Watu wataniona mimi tu mle albamuni," akasema. "Wajukuu wa wajukuu. Watasema bibi yetu alikuwa na mume? Wataambiwa ndiyo. Watauliza, alikuwaje? Nani atawajibu?"

Naila akachukua henga ya waya iliyokuwa kwenye msumari, akawa anainyoosha na kuikunja bila sababu.

Ikapita nusu saa. Ngazi zikalia.

Mzee Edson aliingia anahema, jasho likimchuruzika, mkononi ana roli la nailoni ya njano, ile ya kufungia vikapu vya zawadi, inametameta kama pakiti ya biskuti. Kwapani amebana roli jingine, la rangi inayokaribia damu ya mzee.

"Yule mama wa zawadi pale kona ni Mzambia," akasema. "Nilimwamkia kwa Kibemba, mulishani mukwai, akafurahi. Lakini bei yake! Akaniuliza, unafunga nini, bwana, kikapu cha harusi? Nikamwambia hapana, nafunga uso wangu." Akaketi. "Akanipunguzia."

Bi Ferista aliweka kikombe chini. Alimvua mumewe kofia, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga, paji la uso, mashavu, shingo, polepole, kama anapangusa kitu cha kabatini.

Naila tayari alikuwa kazini. Akaipanua ile henga ikawa duara, akaitandaza nailoni ya njano juu yake, akaongeza kipande chembamba cha ile nyekundu upande mmoja, akaining'iniza mbele ya taa kwa umbali wa mkono mzima ili isiungue tena. Mwanga uliotoka pale haukuwa wa njano wala wa nyekundu. Ulikuwa wa moto wa kuni unapokaribia kutulia.

"Mzee, nipe shavu la kushoto. Hivyo. Mama, usogee nyuma yake kidogo, mkono begani. Usitazame kamera, mama, mtazame yeye. Mzee, wewe nitazame mimi."

"Nicheke?"

"Usicheke kama hujisikii."

Lori likapita, vioo vikalia, Naila akangoja. Lilipopita akabonyeza.

Alitazama kwenye kioo cha kamera, kisha akatazama tena. Hakuwaita mara moja. Alitaka kukaa nayo kidogo peke yake. Kisha akaifungua kwenye kompyuta, ikajaa skrini nzima, akasema, "Njooni."

Mashavu ya mzee yalikuwa ya juu, yamechongeka, na mwanga ule wa moto ulitiririka juu yake ukaingia kwenye kila mkunjo wa jicho. Upande wa nyuma, bluu ilikuwa imechora sikio lake na mstari wa bega. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka kusema jambo la utani lakini anasubiri zamu yake. Na bado alikuwa mweusi, mweusi kuliko kwenye picha yoyote. Tofauti ni kwamba sasa weusi ule ulikuwa na mtu ndani yake.

Mzee aliinama karibu na skrini, mikono magotini. "Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe," Bi Ferista akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Ndivyo ulivyo alfajiri. Unapoamka kuwasha moto jikoni na mlango wa nyuma uko wazi, nje bado bluu. Mimi nikiamka nakukuta hivihivi, unachochea." Akamgeukia Naila. "Umejuaje, mwanangu? Nani amekwambia?"

Naila alitaka kusema ni nailoni tu, ya kushoto na ya kulia. "Sikujua, mama," akajibu. "Nilikuwa namtafuta tu."

Mwanakombo alikuwa amegeukia dirishani, anajipepea kwa mfuniko wa mkebe wake wa poda, anasema moshi ule bado unamuuma macho.

Mzee Edson alinyooka, akavuta koti lake likakaa vizuri. Akakohoa.

"Sasa," akasema, "moja niko peke yangu."

Hiyo moja ikawa kumi na nne. Alipigwa na kofia na bila kofia. Alipigwa amesimama, amekunja mikono, ametazama juu kama anahesabu mawingu. Akataka ile zambarau irudishwe, na alipoulizwa kuhusu baa akasema baa si rangi, baa ni mtu na tabia yake. Akaona kwenye picha iliyotundikwa ukutani kijana mmoja ameweka mguu juu ya ndoo, akaomba ndoo. Bi Ferista alikuwa amevaa viatu tayari, kikapu mkononi, anasema watakosa gari, huku akimwekea kola sawa kila alipobadilisha pozi.

Jumapili ile Naila alikwenda Hasamba na taa zake, kwa sababu Grace alimwomba apige picha za sherehe. Picha kubwa ilikuwa imesimamishwa mbele ya kanisa, katikati ya maua ya bustanini na majani ya mgomba, na watu walipokuwa wakiingia walipunguza mwendo. Mzee wa kanisa mwenzake Edson, Mzee Wiliam, alisimama mbele ya picha mikono nyuma, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Hizi taa," akasema kwa sauti ya kutosha kusikika benchi la tatu, "ni taa za kikristo?"

Watu wakageuka kuona mchungaji atajibu nini. Mchungaji akavaa miwani, akasogea, akaikagua picha kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza Naila kama ile bluu inaruhusiwa kwenye picha ya kitambulisho, kwa sababu cha kwake kila askari anayekishika humuuliza kama kweli ni yeye.

Baada ya ibada na pilau, wakampa Naila darasa la chekechea lenye kivuli, na jenereta. Alidhani atapiga familia ya Nzunda na kufunga mizigo. Alipotoka kuchukua waya alikuta foleni imefika kwenye mti wa mparachichi: bibi mwenye gauni la kwaya, baba mwenye kuku wa zawadi kwapani, kaka wawili pacha wa miaka sabini waliotaka mmoja awe bluu na mwingine chungwa ili watu wawatofautishe. Mzee Wiliam alikuwa wa nne, anajifanya amesimama hapo kwa bahati mbaya.

Na aliyesimamia foleni, suti imebana, sauti juu, alikuwa Mzee Edson Nzunda.

"Shavu la kushoto, Wiliam," alikuwa anamwambia, akimgeuza kidevu kwa vidole viwili. "Hapana, la kwako ni la kulia, la kushoto linafunikwa na pua. Usikunje uso. Sikiliza yule binti anachosema, anajua kazi yake. Na usimtazame kama unamdai."

Naila akawasha taa.